Waliokaa Getini

Fundi aliitwa shuleni wakati mtambo mmoja wa kufuma ukiwa umefunguliwa na vyuma vyake vimetandazwa sakafuni, na hilo ndilo lililomkera kwanza. Alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akavua ovaroli, akaenda hivyo hivyo na harufu ya karakana. Njiani alijiuliza binti yake kafanya nini. Mtoto alikuwa na mdomo, hilo halina ubishi. Nyumbani walimwita Kasuku kwa sababu chochote kilichoingia sikioni mwake asubuhi kilikuwa kimetokea mdomoni kabla ya jioni. Lakini hakuwa mwizi wala mgomvi.

Aliambiwa asubiri kwenye benchi la watoto wa darasa la kwanza. Magoti yalimfika kifuani. Akakaa hapo muda mrefu, wanafunzi wakimpita na kumwamkia huku wakizuia vicheko, mpaka mlango ukafunguliwa.

Ndani alimkuta mwalimu mkuu na mwalimu wa historia. Huyu wa pili alikuwa mwanamke kijana, amesimama karibu na dirisha amekunja mikono kama mtu ambaye ameshasemwa vya kutosha.

Mwalimu mkuu alieleza taratibu. Siku ya shule ilikuwa inakaribia na mgeni wa heshima alikuwa Mzee Ngurumo. Hakukuwa na haja ya kueleza Mzee Ngurumo ni nani. Sauti yake ndiyo iliyompa jina hilo tangu ujana, alipokuwa kiongozi wa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo enzi za mgomo mkubwa. Baadaye akawa waziri, na baadaye tena, mambo ya dunia yalivyogeuka, kiwanda kile kile kikaja mikononi mwa familia yake. Kitabu cha historia kilikuwa na picha yake ya kuchorwa: kijana mwembamba mbele ya geti, mkono mmoja juu, lori limesimama hatua chache kutoka kifuani mwake. Kila mtoto aliujua ukurasa ule kwa moyo. Ulisema kwamba Ngurumo alisimama peke yake, akayarudisha malori yaliyoleta watu wa kuvunja mgomo.

Mwalimu wa historia alikuwa amewapa wanafunzi wake kazi ya namna yake. Kila mmoja achague mtu mkubwa aliyemo kitabuni na mtu wa kawaida asiyemo, atafute mahali walipokutana, kisha asimame asimulie kwa mdomo wake. Kasuku hakwenda mbali. Bibi yake, mama mzazi wa Fundi, alikuwa msokota nyuzi katika kiwanda kile kile.

"Leo kwenye mazoezi," mwalimu mkuu alisema, "binti yako ameliambia darasa zima kwamba asubuhi ya geti Mzee alikuwa amejificha jikoni kwa mama yako. Nyuma ya pipa la maji. Anatapika kwa hofu."

Fundi alitaka kucheka, akaona hakuna anayecheka.

"Hukumwacha amalize," mwalimu wa historia alisema kwa sauti ya chini.

Mwalimu mkuu aliendelea na lake. Hakuwa mtu mbaya. Paa la madarasa mawili lilikuwa limebomoka, watoto walisoma kwa zamu, na Mzee Ngurumo alikuwa ameahidi kulijenga upya. Alichomwomba Fundi ni kuzungumza na mtoto. Kisha akaongeza, akiangalia pembeni, kwamba amelazimika kumjulisha Mkurugenzi, maana maneno ya watoto yana mbio na ni afadhali ayasikie kwake.

Mkurugenzi alikuwa mtoto wa Mzee Ngurumo. Alikuwa pia bosi wa Fundi kiwandani.

Nyumba yao ilikuwa mojawapo ya nyumba za kiwanda, vyumba viwili na baraza inayotazama ukuta wa bohari. Fundi alimkuta mama yake barazani akipindia sketi ya shule. Macho yalikuwa yameanza kumchoka, lakini vidole vilikuwa bado vya msokota nyuzi. Hata mgeni akija nyumbani, bibi yule alikuwa na tabia ya kuikamata ncha ya nguo yake katikati ya maongezi, kuisugua kwa kidole gumba, na kutoa hukumu.

Fundi alimuuliza kama maneno ya Kasuku ni ya kweli.

"Ya kweli," mama yake alisema bila kuinua macho. "Ila la kutapika sikulisema kwa ubaya. Hata mimi nilitapika."

"Mbona mimi hujaniambia siku zote hizi?"

"Wewe uliwahi kuniuliza? Ulikuwa unaniuliza chakula kiko wapi. Mwenzio kaniuliza."

Mkewe Fundi, aliyekuwa akianika nguo, aligeuza uso asionekane akitabasamu. Kasuku alikuwa amejibanza mlangoni.

Basi bibi akasimulia, na mkono haukuacha kushona. Wanaume waliokuwa mstari wa mbele walikuwa wamekamatwa siku iliyotangulia. Waliobaki walikuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba, na kuliko wote akitafutwa karani yule kijana wa chama cha wafanyakazi, Ngurumo. Alikuja alfajiri, akasukuma mlango wa jiko, akaanguka ndani. Miguu ilikuwa imemkatalia. Alipewa chai, chai ikarudi. Habari ikaja kwamba malori yako njiani, na yakiingia ndani ya geti tu, mgomo umekwisha na kila aliyegoma hana kazi. Wanawake wakatazamana. Wakatoka, wakaenda kukaa chini pale getini, chini kabisa, kwenye vumbi, wamefungamana mikono. Lori la kwanza liliwakuta hapo. Halikurudi kwa wema. Lilisukuma, likamjeruhi Dada Mrefu mguu, ndipo dereva akaingiwa na woga akashuka akakimbia, na hayo mengine yakakosa njia.

"Kisha?" Fundi aliuliza.

"Kisha jua lilipopanda, Ngurumo akatoka mwenyewe. Hakuna aliyemwita. Alikuja anayumba kama mlevi, akapanda juu ya pipa, akafungua kinywa. Mwanangu, hotuba ile mpaka leo ikinijia nywele zinasimama. Polisi walishusha virungu. Wenye kiwanda walikubali kuzungumza kwa sababu ya mdomo wake, si kwa sababu ya makalio yetu. Bila yeye tungekaa pale mpaka tukauke." Alikata uzi kwa meno. "Hilo nalo nilimwambia mtoto alisimulie. Sitaki mtu adhalilishwe. Nataka isemwe yote."

Fundi akauliza yeye wakati huo alikuwa wapi.

"Ulikuwa mgongoni mwangu," mama yake alisema, akaingia ndani kuweka sindano.

Mkurugenzi alipomwita Fundi ofisini, alimpokea vizuri kupita kawaida. Alimkaribisha kiti, akamuulizia hali ya mama yake, akasifu kazi yake kwenye mitambo. Alisema msimamizi wa karakana anastaafu na jina la Fundi ndilo linalotajwa na kila mtu. Kisha akasema, kwa huzuni ambayo Fundi hakuweza kuishuku, kwamba baba yake ni mgonjwa. Anasahau watu, masikio yamekufa, siku zake ni za kuhesabika. Kitu pekee alichobaki nacho ni lile geti. Je, ni utu kumpokonya mbele ya watoto wa shule?

Fundi alisema si utu.

Basi Mkurugenzi akamweleza alivyopanga. Kasuku atasimulia habari kama ilivyo kitabuni. Mama yake Fundi atakaa mstari wa mbele, kama mmoja wa wanawake waliokuwa kiwandani na kuokolewa siku ile, na baada ya masimulizi Mzee atamkabidhi doti moja ya kitambaa cha kiwanda. Yeye atasema asante. Maneno machache tu, yanatosha. "Na zile nyumba," Mkurugenzi alisema walipokuwa wakiagana mlangoni, "unajua tunazipitia upya. Wasimamizi watabaki. Wengine bado hatujajua."

Fundi alirudi kwenye mtambo wake, akafunga nati moja mara nyingi bila kujua kuwa ilikuwa imeshakaza.

Alipomweleza mama yake, alitegemea ubishi. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alikuwa na majibu. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, akasema sawa.

"Nitasema nilichanganya. Mtu mzima anasamehewa kuchanganya."

"Si kwamba nataka, mama."

"Najua. Una watoto na una nyumba. Sawa."

Alilisema upesi mno, na upesi ule ndio uliomchoma Fundi. Kasuku akauliza kama na yeye aseme bibi yake ni mtu wa kuchanganya, baba yake akamwambia asimulie kitabu na anyamaze. Mtoto alinyamaza kweli. Alinyamaza siku ile na iliyofuata, na nyumba ikawa kama kuna msiba.

Mkewe alingoja mpaka wakabaki wawili. Hakuwa mwanamke wa kelele. Alimwambia tu kwamba yeye hakuolewa na msimamizi wa karakana, na kwamba akitolewa kwenye nyumba hii hatakuwa mtu wa kwanza kupanga chumba. Lakini hakumwambia afanye nini. Fundi angependa amwambie.

Asubuhi yake mama yake alimwita. Lilikuwa limemjia jambo alilolisahau.

"Mimi nitasema nilichanganya. Sasa mguu wa Dada Mrefu niseme ulivunjwa na nani?"

Dada Mrefu aliishi nyuma ya soko, chumba kimoja, akiuza vitumbua vya soksi: nyuzi za soksi kuukuu alizozifumua na kuzifuma upya kuwa vitambaa vya kusafishia vyombo. Vilikuwa vya duara, vinene, na jina hilo watu walimtania nalo hadi likashika. Fundi alimfahamu tangu utoto. Alikuwa mwanamke wa kimo kirefu anayechechemea, rafiki wa mama yake, anayepita nyumbani sikukuu na kuondoka. Kila alipompita njiani alimwamkia na kuendelea na safari yake.

Alikwenda kumwomba asije siku ya shule. Maneno aliyapanga vizuri: joto la ukumbi, umati wa watu, umri wake. Alipofika alikuta gauni la kijani limetundikwa ukutani, limefuliwa na kunyooshwa.

"Hilo ndilo nitakalovaa," Dada Mrefu alisema kabla hajauliza. "Mwanao alikuja hapa. Akanikalisha kama jaji, akaniuliza kila kitu. Unajua hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kuhusu huu mguu? Wananipisha kiti tu. Wengine wanadhani nilizaliwa hivi."

Fundi alikaa kwenye ndoo aliyopewa. Akatafuta pa kuanzia, hakupaona. Ili tu asikae kimya, akamuuliza ilikuwaje.

Dada Mrefu alimtazama kwa mshangao. "Mama yako hakukwambia?"

"Aliniambia lori lilikujeruhi."

"Basi ni hivyo. Lilinijeruhi."

Lakini Fundi hakuinuka, na Dada Mrefu akaona kuwa hataondoka. Akamwambia. Lori lilipoanza kusukuma, wanawake walilala chali kulikwepa bamba la mbele. Mama yake hakuweza kulala chali. Alikuwa na mtoto mgongoni. Na mikono yake ilikuwa imefungwa na mikono ya wenziwe huku na huku. Yeye Dada Mrefu, kwa vile mikono yake ni mirefu, alijinasua, akajinyoosha juu ya mama yake, akakivuta kile kitoto kutoka kwenye mbeleko na kukirusha kwa mwanamke wa nyuma. "Kukivuta ndiyo nikasahau kuuvuta mguu," alisema, akaupiga kofi kidogo ule mguu kana kwamba ni mnyama mzembe. "Mama yako alinikataza kukwambia. Alisema usije ukakua unanionea aibu, ukawa unanikwepa njiani. Na kweli hukunikwepa. Ulikuwa unaniamkia vizuri siku zote."

Fundi aliona haya. Alizitazama zile duara za soksi zilizopangwa kwenye sinia, akajifanya anazikagua. Alipoweza kusema, hakusema lile lililomjia. Alimwambia kwamba siku ya shule asitembee kwa miguu. Atakuja kumchukua yeye mwenyewe.

Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama madirishani. Fundi alimwingiza Dada Mrefu kwa kumshika mkono, polepole, kupitia njia ya katikati, gauni la kijani likionekana na kila mtu. Mwalimu mkuu aliinuka nusu, akakaa. Wakafika mstari wa mbele na mkewe akasogea kuwapa nafasi, Dada Mrefu akakaa karibu na mama yake Fundi. Bibi alimtazama mwanawe, kisha akaikamata ncha ya gauni la rafiki yake, akaisugua, akatikisa kichwa kuiridhia.

Asubuhi ile Fundi alikuwa amemfungia Kasuku viatu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mtoto alipoanza shule. Alimwambia akiwa amepiga goti, "Simulia alivyokwambia bibi yako. Na hotuba usiiache." Ni hayo tu.

Mzee Ngurumo aliletwa kwenye kiti cha magurudumu na mwanawe. Mwili ulikuwa umepungua ndani ya suti, na mikono yake ilikuwa imelala juu ya magoti kama vitu alivyopewa kushika. Watoto waliimba. Risala ikasomwa. Kasuku akaitwa.

Alisimulia vizuri. Alianza na jiko, na pipa la maji, na chai iliyorudi, na minong'ono ikapita ukumbini kama upepo kwenye mabati. Mkurugenzi alisimama. Akamwonyesha mwalimu mkuu ishara, na mwalimu mkuu akainuka kwenda kwenye kipaza sauti. Mwalimu wa historia alikuwa karibu zaidi. Alimsogelea mwalimu mkuu akamwambia kitu sikioni, na Fundi alijua baadaye kuwa alimwambia, safari hii mwache amalize. Mwalimu mkuu akabaki katikati ya njia, amesimama, mikono haina kazi. Kasuku akaendelea. Akawaweka wanawake getini. Akauvunja mguu. Akamtoa Ngurumo jikoni, akampandisha juu ya pipa, na akaisema hotuba yake, vipande vile ambavyo bibi yake alivikumbuka, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kuwa mtoto yule anayo. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Watu walimtazama mzee.

Mzee Ngurumo alimgeukia mwanawe. "Kasema nini huyu mtoto?"

Mkurugenzi aliinama. "Amekusifu, baba. Amesimulia ulivyosimama getini."

Ukumbi mzima ulisikia, kwa kuwa kiziwi huambiwa kwa kelele. Fundi alimwona mama yake akiangalia chini. Dada Mrefu ndiye aliyeinuka. Alichechemea hatua chache zilizokuwapo, akashika mkono wa kile kiti, akainama mpaka kwenye sikio la mzee.

"Amesema ulikuwa jikoni," alimwambia.

Mzee alimtazama muda mrefu. Hakuonekana kumtambua. Midomo ilicheza, na ilipotoka sauti ilikuwa ndogo, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu.

"Kulikuwa na moshi," alisema. "Nilitaka kukohoa."

Mkurugenzi aliweka mkono begani mwa baba yake. Mzee hakuuona.

"Na kulikuwa na kitoto. Kinalia, kinalia. Polisi wako nje. Nikamwambia yule mama, mtoto wako ataniua. Nikamwambia mtoe." Alihema. "Akamfunga mgongoni akatoka naye. Kwenda huko kwenye malori. Nilikaa pale nikafikiria, nimemtoa mtoto. Ndiyo maana nilitoka. Sikuweza kukaa." Akaanza kutazama huku na huku, kwenye nyuso za watoto, akitafuta. "Alipona yule mtoto? Sikuuliza. Nilikuwa naona haya kuuliza."

Fundi alimgeukia mama yake. Bibi alikuwa amefumba macho. Hilo hakumwambia yeye, wala Kasuku, wala Dada Mrefu. Lilikuwa la Ngurumo mwenyewe kulisema, na bibi akamwachia miaka yote hii.

Fundi alisimama. Alikwenda mpaka mbele, akapiga goti kwenye sakafu ili uso wake uwe sawa na uso wa mzee, akaupokea mkono ule mwepesi kwa mikono yake miwili yenye harufu ya mafuta ya taa.

"Shikamoo, mzee," alisema kwa nguvu ili asikike. "Nilipona."

Usimamizi wa karakana alipewa mtu mwingine, kijana mzuri ambaye Fundi alimfundisha kazi mwenyewe. Kuhusu nyumba, hakuna aliyewafukuza na hakuna aliyewaambia watabaki. Waliishi hivyo, na mkewe akaanza kuulizia vyumba vya kupanga ili wasije wakashtukizwa. Paa la shule lilijengwa. Mzee Ngurumo alifariki kabla ya mvua, na kwenye mazishi Dada Mrefu alipewa kiti mbele. Nani aliyetoa amri hiyo haikujulikana, lakini Mkurugenzi alionekana akimpisha njia.

Siku moja karakanani, kijana mmoja aliyeanza kazi karibuni alichuchumaa karibu na mtambo ambao Fundi alikuwa chini yake, akamuuliza kama ni kweli wanavyosema, kwamba yeye alikuwepo getini.

Fundi alinyoosha mkono aletewe spana.

"Nilikuwepo," alisema. "Ila sikumbuki hata kidogo. Jumapili njoo nyumbani, wenyewe, mama yangu na Dada Mrefu, watakuwepo. Keti chini uwaulize."